Maji maangavu, matumbo yanauma: jinsi ya kutafuta kimelea kinapoingilia

Matumbo yakianza kusumbua mtaa mzima, swali la kwanza analoulizwa mtu wa maji ni moja: "Yamepimwa?" Na mara nyingi jibu ni ndiyo, yamepimwa, hayana E. coli (bakteria wa kinyesi), klorini ipo, na ukiyainua kwenye glasi unaona hadi upande wa pili. Baada ya hapo lawama huhamia kwenye chakula na mikono ya watoto, na maji yanaendelea kutiririka. Mwongozo huu ni wa siku kama hiyo. Nimeanza na dalili za watu kwa kuwa ndizo zinazofika mapema. Majibu ya maabara huja baadaye, na mengine hayaji kabisa.

Kabla ya kugusa koki yoyote, chukua karatasi

Andika kila mgonjwa: alianza kuumwa tarehe ngapi, anakaa upande gani, anakunywa maji ya wapi, na kama huyachemsha. Majina 20 yanatosha kukuonyesha kitu. Wagonjwa wakiwa wametapakaa kila linakofika bomba, tatizo liko kwenye chanzo au kwenye mtambo. Wakiwa wa mtaa mmoja, tafuta bomba lililotoboka au tangi la pale pale. Wakiwa wa nyumba moja, angalia vyombo, chujio, au mtu aliyetoka safari.

Kisha hesabu siku kurudi nyuma. Bakteria wengi wa kuharisha humlaza mtu ndani ya siku chache tu. Vimelea havina haraka. Kriptosporidi hungoja kama siku 7, mara nyingine 2, mara nyingine 10. Giadia huchukua wiki 1 hadi 2. Amiba wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo sampuli unayochota leo asubuhi siyo maji yaliyowaumiza watu. Yale yalishapita. Unachotafuta ni kilichotokea wiki moja au mbili nyuma: mvua kubwa, pampu iliyozimika, chujio lililofunguliwa kwa matengenezo. Daftari la mtambo lina thamani kuliko chupa ya sampuli, kama kuna aliyekuwa akiliandika kwa uaminifu.

Dalili: kuharisha maji matupu kwa wiki mbili, na vipimo vyote vya maji ni vizuri

Mshukiwa wa kwanza ni kriptosporidi. Mgonjwa anaharisha maji, tumbo linasokota, homa ni kidogo au hakuna, na hali inatulia siku mbili kisha inarudi. Kwa mtu mwenye kinga nzuri huisha yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kudumu miezi na kuua.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kipimo cha E. coli kinakwambia kama maji yamekutana na kinyesi na kama bakteria waliotokana nacho bado wako hai. Klorini huwaua bakteria hao ndani ya dakika chache. Kriptosporidi husafiri ndani ya sisti, kijiganda kigumu cha mviringo chenye upana wa mikromita 4 hadi 6, na ganda hilo halijali klorini. Kiasi kinachokubalika kwa kuua asilimia 99.9 ya sisti hizo ni 15,300, ukizidisha miligramu za klorini kwa lita na dakika za kungoja. Yaani maji yenye miligramu 1 kwa lita yangepaswa kukaa zaidi ya siku 10 kabla ya kufika bombani. Hakuna mtambo unaosubiri hivyo. Ndiyo maana maji yanaweza kufaulu kipimo cha bakteria na bado yakabeba kimelea: E. coli imekufa njiani, sisti imepita salama.

Mwaka 1993, huko Milwaukee nchini Marekani, watu wanaokadiriwa 403,000 waliugua kwa njia hii hii. Mtambo mmoja kati ya miwili iliyokuwa ikivuta maji ya Ziwa Michigan ulianza kutoa maji yenye ukungu kuliko kawaida. Kipimo kilipanda hadi 1.7 NTU, yaani vizio vya ukungu wa maji. Klorini ilikuwepo muda wote.

Kwa hiyo usiongeze klorini ukadhani umefanya jambo. Kinachozuia sisti hii ni kuchuja vizuri, miale ya urujuanimno, au moto. Kagua kwa mpangilio huu.

Pima ukungu kwenye mdomo wa kila chujio peke yake, usipime pale maji ya machujio yote yanapokutana. Machujio matano mazuri yanaweza kuficha moja bovu, na hilo moja linatosha. Lenga chini ya 0.3 NTU. Likigusa 1, funga kwanza, uliza baadaye.

Tazama dakika za mwanzo baada ya kuosha chujio. Mchanga uliooshwa punde huwa haujatulia, na maji ya kwanza hupita na uchafu. Yanapaswa kumwagwa. Fundi aliyebanwa na tangi linaloisha hushawishika kuyafungulia mjini.

Uliza maji ya kuoshea chujio yanakwenda wapi. Kama yanarudishwa mwanzo wa mtambo bila kutibiwa, unazikusanya sisti ulizokwisha kuzikamata na kuzirudisha mlangoni, safari hii zikiwa nyingi zaidi.

Angalia dawa ya kugandisha tope, iwe shabu au nyingine. Sisti ni ndogo mno kwa mchanga wa chujio la kasi kuinasa ikiwa peke yake. Ni lazima ishikane na wenzake iwe donge. Dozi ikikosewa, chujio linabaki pambo. North Battleford, mji wa Kanada, uliliona hilo mwaka 2001. Tangi la kutulizia tope lilifunguliwa kwa matengenezo mwezi Machi, na lilipowashwa tena tope lilikataa kutulia kwa wiki kadhaa. Mtambo uliendelea kusukuma maji. Kinywa cha bomba la mji huo kilikuwa mtoni, kilomita chache chini ya mahali mji wenyewe ulipomwaga maji taka yake. Walioumwa walikadiriwa kuwa kati ya 5,800 na 7,100.

Sasa toka nje ya mtambo upande mto. Unatafuta vitu viwili hasa: maji taka ya watu na ndama wachanga. Ng'ombe mzima si tatizo kubwa kwa kimelea hiki. Ndama wa wiki chache anayeharisha ni kiwanda.

Dalili: tumbo limejaa gesi, kucheua harufu ya mayai viza, choo cha mafuta kinachoelea

Hii ni giadia, na mgonjwa mwenyewe hukueleza kwa aibu kuliko kwa maumivu. Choo kinanuka vibaya, ni laini, kina mafuta, hakina damu. Homa ni nadra. Kuna wanaokonda kwa sababu utumbo hausharabu chakula, na maziwa yanaweza kuwakataa kwa muda hata baada ya kupona.

Sisti ya giadia ni kubwa kidogo, mikromita 8 hadi 12 hivi, kwa hiyo chujio la kawaida huikamata kwa urahisi zaidi. Klorini nayo huiua, ila inataka muda, na maji ya baridi yanaongeza muda huo sana. Ukipata giadia kwenye mfumo wenye klorini, uliza mambo matatu: maji hukaa dakika ngapi kabla ya nyumba ya kwanza, yana ubaridi gani, na kuna chujio au hakuna. Bergen, Norwei, mwaka 2004, maji ya bwawa yalikuwa yakitiwa klorini bila kizuizi kingine dhidi ya vimelea. Maabara ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 1,200, na wengi waliambukizwa wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba kuna mlipuko.

Jambo moja la maabara ambalo huokoa muda: giadia haitoki kila siku kwenye choo. Sampuli moja ikiwa safi haijasema lolote. Peleka tatu, za siku tofauti. Na kriptosporidi haionekani kwenye kipimo cha kawaida cha choo, inahitaji rangi yake maalumu au kipimo cha antijeni. Lazima karatasi ya maombi iitaje kwa jina. Nimeona majibu ya "hakuna vimelea" yaliyotoka kwa sababu hakuna aliyeagiza vitafutwe.

Dalili: choo kina damu na kamasi

Usikimbilie kusema amiba. Bakteria wa shigela husababisha hali hiyo hiyo, na dawa zake ni tofauti. Mpeleke mgonjwa hospitali. Mtoto, mjamzito na mwenye homa kali wapelekwe leo hii. Amiba ikithibitishwa, kumbuka kwamba inaweza kupanda hadi ini. Mtu aliyeharisha miezi kadhaa iliyopita akaja na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mtajie daktari habari ya maji.

Upande wa maji, amiba inakuelekeza kwenye kinyesi cha binadamu, siyo cha mifugo. Tafuta bomba la maji na bomba la maji taka zinapokaribiana. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho ya dunia ya Chicago, wageni wa hoteli waliugua amiba na karibu 100 wakafa. Kosa lilikuwa ndani ya kuta: mabomba ya maji taka na ya maji safi yalikuwa yamepewa nafasi ya kukutana.

Kwenye mifumo inayotoa maji kwa zamu, hatari hii hujirudia kila siku. Bomba likiwa limejaa, tundu hutoa maji nje. Maji yakikatwa, bomba hubaki tupu na tundu lile lile huvuta ndani chochote kilicho kwenye mtaro. Ukitaka kuona, nenda maji yanaporudi. Kinga maji ya kwanza kwenye ndoo nyeupe, yaache yatulie nusu saa, kisha yamimine taratibu. Kinachobaki chini ya ndoo ndicho kilichonyonywa usiku: mchanga mweusi, nyuzi za mizizi, mara nyingine harufu ambayo haihitaji maabara.

Dalili: yote yalikuwa sawa mpaka mvua iliponyesha

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inafagia kinyesi cha miezi kwa saa chache. Kama mfumo una tangi la akiba la kutosha, funga kinywa cha bomba maji ya kwanza yapite. Kama halipo, ongeza dawa ya kugandisha na upunguze kasi ya machujio. Kuendesha mtambo kwa kasi ile ile siku ya tope ni kosa linalofanywa na watu wenye uzoefu, kwa sababu tu jana ulifanya kazi.

Kisima na chemchemi havipaswi kubadilika kwa mvua ya saa mbili. Vikibadilika rangi siku hiyo hiyo, hayo unayokunywa ni maji ya juu ya ardhi yaliyojificha. Usianze kwa kuchimba. Leta ndoo ya maji, imwage polepole juu ya sakafu ya zege inayozunguka kisima, uchutame na utazame. Sakafu ikiwa nzima, maji yote yatakimbilia kwenye mtaro. Mara nyingi utaona mstari mwembamba unaotangulia kukauka, halafu povu dogo linachomoza na kuzama hapo hapo. Ule ni ufa, na chini yake kuna njia hadi majini. Zibeni huo kabla ya kujadili kingine.

Halafu pima umbali wa choo cha shimo. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30, na chini ya shimo pawe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Udongo wa kawaida huchuja mayai ya minyoo vizuri. Lakini kwenye miamba yenye nyufa au chokaa, mita 30 hazikuhakikishii chochote.

Dalili: tunachemsha, tunachuja, na bado tunaumwa

Hapa tatizo karibu kila mara liko kati ya sufuria na mdomo.

Kuchemsha kwanza. Mvuke siyo kuchemka, na vipovu vidogo pembeni mwa sufuria siyo kuchemka. Yaache yatokote kwa nguvu dakika 1. Juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Hakuna kimelea cha maji kinachostahimili hilo, hata kriptosporidi. Tatizo ni yanayofuata: kata iliyochovywa na mkono ulioshika choo cha mtoto, mtungi usio na mfuniko, barafu iliyotengenezwa kwa maji ya bomba, mswaki uliosuuzwa bombani. Chombo chenye bomba dogo chini, au chenye mdomo mwembamba wa kumiminia, humaliza nusu ya kesi hizi.

Chujio la nyumbani lenye kaboni pekee huondoa ladha na harufu. Halizuii sisti. Kwenye boksi tafuta maneno yanayothibitisha matundu ya mikromita 1 au chini yake kwa kipimo kamili, maana "wastani wa mikromita 1" unaruhusu makubwa zaidi kupita.

Machujio ya udongo wa kuchomwa ni mazuri sana mpaka siku yanapopata ufa, na ufa wenyewe hauonekani. Kama lako lina umbo la mshumaa lenye kimrija, liloweke mpaka lishibe maji, lizamishe lote kwenye beseni, kisha pulizia hewa kwa upole kwenye kimrija. Zima halitatoa kitu. Bovu litatoa uzi wa vipovu kutoka sehemu moja, mara nyingi shingoni, pale udongo unapoungana na plastiki. Liliwahi kunifika: chujio lililokuwa likitoa maji "kwa kasi nzuri" kuliko mengine, nikalisifia mwezi mzima. Kasi ile ilikuwa ufa. Tangu hapo, chujio likianza kuharakisha bila sababu nalishuku kabla ya kulishukuru.

Chupa za plastiki angavu juani kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, husaidia dhidi ya bakteria na giadia ikiwa maji hayana tope. Kwa kriptosporidi saa hizo hazitoshi. Kitambaa cha kuchujia nacho hakizuii sisti hata ukikikunja mara nane. Kina kazi yake nyingine, naieleza hapa chini.

Dalili ambazo hazitokani na tumbo

Mkojo wenye damu, hasa mwishoni mwa kukojoa, au vipele vya kuwasha saa chache baada ya kuoga mtoni: fikiria kichocho. Hapa kunywa si njia kuu. Lava, yaani minyoo michanga, wanaotoka kwa konokono hupenya ngozi ndani ya dakika chache, kwa hiyo mtu anayechemsha maji yote ya kunywa anaweza kuambukizwa akifua nguo. Lava hao hawaishi zaidi ya siku 2 hivi bila kumpata mtu. Maji ya kuogea yakihifadhiwa saa 48 kwenye tangi lisilo na konokono yanakuwa salama kwa upande huo, na yakichemshwa dakika 1 yanakuwa salama papo hapo. Tafuta kingo zenye majani na maji yanayosuasua. Huko ndiko konokono wanakaa.

Lengelenge mguuni linalowaka moto, kisha uzi mweupe unachomoza: mnyoo wa Guinea. Umebaki katika maeneo machache sana. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa milioni 3.5 kwa mwaka, na miaka ya karibuni hawafiki 20 kwa mwaka. Mtu huumeza akinywa maji ya lambo yenye viroboto maji waliobeba lava, na mnyoo hutokeza karibu mwaka mmoja baadaye. Hapa ndipo kitambaa kinapofaa, kwa kuwa viroboto maji ni wakubwa kiasi cha kunaswa na nguo yenye uzi wa kubana. Mgonjwa asiingize mguu ule majini hata kwa nukta moja, kwani maji ya baridi ndiyo yanayomfanya mnyoo atapike lava wake. Toa taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Minyoo midogo myeupe inayowasha watoto usiku, na safura inayopenya miguu mitupu, usiitafutie kwenye bomba. Ya kwanza hupita mkononi, ya pili udongoni.

Lini useme limekwisha

Si siku ukarabati unapokamilika. Safisha tope la chini ya matangi, kwa kuwa sisti huzama na kukaa humo, kisha fungua miisho yote ya mabomba mpaka maji ya zamani yatoke. Katazo la kunywa bila kuchemsha libaki mpaka ukungu wa kila chujio utulie siku kadhaa mfululizo na, pakiwa na uwezo, maji mengi yapimwe sisti zenyewe; lita 10 au zaidi kwa sampuli, siyo chupa ya nusu lita.

Endelea kuandika wagonjwa wapya. Kwa kriptosporidi, subiri siku 20 tangu ukarabati, mara mbili ya muda mrefu wa kungoja. Katika siku hizo wataonekana wachache walioambukizwa nyumbani na ndugu zao, kwa kuwa mtu aliyepona huendelea kutoa sisti kwa wiki kadhaa. Waambie wasiingie kwenye bwawa la kuogelea kwa wiki 2 baada ya kuharisha kukoma. Tofauti ni rahisi kuiona kwenye karatasi: hao huwa na mgonjwa mwingine chini ya paa lao. Ukimwona asiye naye, anayekunywa maji ya bomba na aliyeanza kuumwa baada ya siku ya 10, kuna chujio au tundu ambalo bado hujalipima.